Mlaji wa Kata ya Mikoroshini

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wakubwa wake hawapendi kusumbuliwa wakiwa mezani, na mezani hawaondoki. Ikutoshe kujua kwamba ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kupita kiasi, na kwamba katika kata yake moja iitwayo Mikoroshini aliishi mfyatua matofali aitwaye Hizza Kilindo. Huyo Hizza aliteuliwa kula kwa niaba ya watu wote wa kata, akala kwa moyo wake wote, na nusura kula kwake kumuue mama yake mzazi.

Hizza hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kabisa, maana watu wakisikia habari za mlaji wa serikali hukimbilia kufikiria mambo ambayo mimi sikuyataja.

Yote yalianza pale wakubwa walipogundua kwamba wananchi wamechoka. Walisinzia mikutanoni, walipiga makofi kivivu, na siku ya gwaride wengine walikaa chini kabla Rais hajakaa. Baraza la Mawaziri likamwita Profesa Lukelo, bingwa wa elimu ya viumbe, aje aeleze nguvu za binadamu zinatoka wapi. Profesa alikuja na karatasi yenye kurasa mbili, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza.

"Waheshimiwa, mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno ambazo jicho tupu halizioni. Chakula kinaingia kwa mdomo mmoja, kinasagwa, kinavunjwavunjwa, na sehemu yake kubwa inakuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo kuni. Ndani ya seli mna majiko madogo yaitwayo mitokondria. Humo sukari inachomwa polepole kwa hewa tunayovuta, bila miali wala moshi, na nguvu inayopatikana inafungwa katika vifurushi vidogo vidogo. Kifurushi kikifunguliwa, msuli unavuta, moyo unadunda, mtu anafikiri."

Lilipotajwa hilo la mwisho, mawaziri kadhaa walitazamana.

"Profesa," alisema Rais, "mguu wangu huu unatafuna?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Una meno?"

"Hauna, Mheshimiwa."

"Lakini unatembea."

"Unatembea, Mheshimiwa, tena vizuri sana."

"Basi tumemaliza," alisema Rais, akaegemea kiti. "Mwili mzima unakula kwa mdomo mmoja, na hakuna kiungo kinacholalamika. Sisi hapa tuna mamilioni ya midomo, yote inatafuna kwa wakati wake, kila mmoja na mboga yake. Ndiyo maana nguvu ya taifa inapotea njiani."

"Kuna ukurasa wa pili, Mheshimiwa," alisema Profesa Lukelo.

Lakini sambusa zilikuwa zimeshaingia, na hakuna aliyemsikia.

*

Ikatungwa Sheria ya Kinywa Kimoja. Rais akaanza kuitwa Kinywa Mkuu, na kila kata ikapewa mlaji wake. Mavuno yote yalipelekwa katika Bwalo la Wilaya, ambako walaji walikaa wamefungwa vitambaa shingoni na kula kwa niaba ya watu wao. Kupika nyumbani kukaitwa uzalishaji holela wa nguvu. Majiko yalikusanywa kwa malori, na vijana waliovaa sare ya kijivu walipanda ngazi kila asubuhi kuangalia paa lipi linatoa moshi.

Wananchi waliendelea kuishi kwa makosa madogo madogo. Pera bichi hapa, kipande cha muhogo mbichi kule, majani ya kunde yaliyotafunwa na mtu anayejifanya anaota jua.

Hizza alichaguliwa kwa sababu ya meno yake. Kamati ilimpa mahindi makavu atafune, ikamuuliza anafikiria nini anapotafuna. Wenzake wote walikuwa wamejibu kwamba wanaifikiria nchi. Hizza alisema anamfikiria mama yake. Kamati ilishauriana kwa muda, kisha ikaandika kwamba mtahiniwa ana uzalendo wa karibu.

Akaapa mbele ya hakimu kwamba atakula bila woga wala upendeleo, na kwamba hatameza kwa niaba ya kata nyingine hata akishawishiwa.

Wapo walaji waliochukulia kazi hii kimzaha. Mlaji wa kata jirani alikula amefumba macho na kukoroma kati ya tonge na tonge. Hizza hakuwa wa namna hiyo. Kila tonge alilinyanyua, akalitajia nyumba. "Hili la kina Mzee Chambuso. Hili la yule mjane wa kisimani, na wanawe. Hili la fundi viatu." Alitafuna taratibu, amekunja uso kwa bidii. Jioni taya zilimuuma, naye akaona fahari, kama alivyozoea kuona fahari mgongo ulipomuuma kwa kufyatua matofali.

*

Swali la namna ya kuifikisha nguvu kwa wananchi lilisumbua vichwa Wizarani mpaka mtaalamu mmoja akagundua mkono. Kila Ijumaa mlaji alipelekwa katani kwake, akasimama kwenye jukwaa dogo, na watu wakapanga foleni kupeana naye mikono. Nguvu ilipita hapo. Mlaji hakuruhusiwa kunawa baada ya kula, kwa kuwa Wizara ilihofia nguvu isije ikaishia kwenye beseni.

Wa kwanza katika foleni ya Mikoroshini daima alikuwa Bi Mwanahija, mama yake Hizza, kwa heshima ya kumzaa mlaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula, mama. Wali, samaki wa nazi, na ndizi mbivu."

"Kwa niaba yangu?"

"Tonge la mwanzo kabisa. Nilikutaja jina."

"Nilijua tu," alisema Bi Mwanahija. "Nilikuwa nimekaa uani, tumbo likanguruma hilo! Nikasema, huyo Hizza huyo."

Alisema hivyo akicheka, lakini mkono wake ulikuwa mifupa mitupu ndani ya kiganja kinono cha mwanawe. Huyu mama alikuwa mtwangaji. Mikoroshini nzima hakuna harusi iliyofanyika bila mchi wake kusikika. Sasa kinu chake kilikuwa kimegeuzwa kigoda, na Ijumaa ile alimwambia Hizza, kama anayesimulia habari ya mtu mwingine, kwamba juzi alijaribu kuunyanyua mchi ili afagie chini yake, ukamshinda.

Hizza alirudi Bwaloni roho inamuuma. Alijiona mvivu, alijiona mwizi. Kama mama amedhoofu, basi yeye hatafuni vya kutosha. Tangu siku hiyo akaongeza bidii: akaomba sahani ya pili na ya tatu, akamtaja mama yake kila tonge la tano, jambo ambalo kwa kiapo chake lilikuwa upendeleo. Alinenepa mpaka kitambaa cha shingoni kikakataa kufunga. Na kila Ijumaa kanga ya Bi Mwanahija ilizidi kumzunguka kiunoni.

Afisa Vipimo alikuja akawapima wote kwa mizani, akatoa taarifa ya kutia moyo. Uzito wa Kata ya Mikoroshini, ukijumlishwa na wa mlaji wake, haukuwa umeshuka hata kidogo.

*

Hizza akapiga moyo konde, akaenda kumwona Profesa Lukelo. Wakati huo Profesa alikuwa Kamishna wa Usagaji, ana ofisi nyuma ya Bwalo na nishani kubwa iliyomvuta koti upande mmoja.

"Profesa, natafuna vibaya?"

"Unatafuna vizuri kuliko wote. Nimekusikia mpaka huku."

"Mbona mama yangu anakwisha?"

Profesa aliinuka akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaikunjua kwenye goti.

"Huu ndio ukurasa wa pili," alisema. "Mguu hautafuni, ni kweli. Lakini damu inaupelekea sukari na hewa mpaka mlangoni mwa kila seli. Kuanzia hapo kila seli inajichomea yenyewe, kwa majiko yake yenyewe, na vifurushi vyake vya nguvu inavitumia humo humo. Seli haimpi jirani yake kifurushi hata wakiwa wamebanana. Sembuse mtu na mtu."

"Na mkono ninaompa kila Ijumaa?"

"Unampa mafuta ya samaki, Hizza."

Hizza aliutazama mkono wake. Akakumbuka jinsi mama yake, akishashuka jukwaani, anavyokipeleka kiganja puani na kukinusa. Akakumbuka na wengine, jinsi wanavyojipangusa midomo bila sababu. Machozi yakamlengalenga.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Zikaingia sambusa." Profesa aliigusa nishani yake. "Halafu wakanivisha hii. Mtu akishavishwa hii, sauti inakuwa nzito kutoka."

"Kwa hiyo mimi ni nini? Mdomo?"

"Mdomo unao, na tumbo unalo," alisema Profesa. "Mishipa ya kupeleka ndiyo huna."

Ijumaa iliyofuata Hizza alipanda jukwaani mikono yake ikiwa imekunjwa ngumi, na joho la mlaji limemvimba mikononi kwenye mifuko aliyoishona mwenyewe. Alimpa mama yake mkono. Bi Mwanahija alishtuka kidogo, akafumba kiganja, akamtazama mwanawe machoni. Kisha akashika mdomo, akakohoa.

"Pole, mama."

"Ni vumbi tu, baba."

Kikohozi kikaenea foleni nzima. Mzee Chambuso alikohoa mpaka akaomba kupeana mikono mara ya pili. Na mambo yakawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, huku walinzi wakiandika kwamba kata ina vumbi jingi. Tonge moja moja halikuwa shibe, lakini watu walianza kunyooka. Fundi viatu alisikika akipiga mluzi. Bi Mwanahija aliweza kukibiringisha kinu chake kutoka uani mpaka mlangoni, akamfokea jirani kwa sababu ya kuku, na mtaa mzima ukafurahi kuisikia tena sauti yake.

*

Habari za Mikoroshini zikamfikia Kinywa Mkuu mwenyewe. Kata moja tu katika nchi nzima, na hiyo nguvu imefika! Akatangaza kwamba atakuja na wageni kutoka nchi za jirani, waone kwa macho yao. Mlaji atakula jukwaani, na papo hapo mama yake atanyanyua mchi.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Mapera yalichumwa yote ili miti ionekane nadhifu. Majani ya kunde yalifyekwa. Wananchi walisuguliwa viganja kwa sabuni ya manukato wasije wakamnukia mgeni rasmi, na ugawaji wa Ijumaa ukaahirishwa mpaka baada ya sherehe. Hizza alifungiwa Bwaloni kufanya mazoezi ya kula mbele za watu. Alipouliza nani atampa mama yake mkono wiki hiyo, aliambiwa mama yake atapewa mkono na Kinywa Mkuu, bahati ambayo wengine wanaiota tu.

Siku ilipofika, Bi Mwanahija aliletwa ameshikwa huku na huku. Alikuwa hajatia kitu kinywani wiki nzima zaidi ya maji. Kinywa Mkuu alimpa mkono wake, laini, wenye harufu ya waridi. Bibi alikipeleka kiganja puani kwa mazoea, akakiteremsha.

"Hakina kitu," alisema. Kwa bahati bendi ilikuwa inajaribu tarumbeta.

Hizza alikalishwa mbele ya sinia la wali na mkungu wa ndizi mbivu. Mtangazaji wa redio akasogeza kipaza sauti.

"Meza!" aliamuru Afisa Itifaki.

Hizza akameza. Bi Mwanahija aliushika mchi kwa mikono miwili, akavuta. Mchi haukusogea.

"Mwongezeni," alisema Kinywa Mkuu.

Hizza akaongezwa. Mama akavuta tena, mchi ukabaki pale pale.

"Mwongezeni!"

Kadiri mwana alivyojazwa, ndivyo mama alivyozidi kuinama, mpaka akaketi chini, mchi umemlalia miguuni. Wageni wakaanza kunong'ona. Afisa Itifaki alimwinamia Kinywa Mkuu, akamkumbusha kwa sauti ya chini kipengele cha sheria kinachohusu wakaidi wa kupokea: kambini, mpaka wapokee. Aliyepelekwa huko hakuwahi kurudi, ingawa taarifa zilisema wote wanaendelea kupokea.

Hizza alisikia. Akainuka na sinia lake na ndizi zilizobaki.

"Mlaji, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kula, Mheshimiwa," alisema Hizza, akashuka jukwaani.

Hapo Profesa Lukelo, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma, alifanya jambo ambalo mpaka leo hajapewa nishani yake. Aligeukia bendi na kusema kwa sauti ya kikamishna, "Wimbo wa taifa. Beti zote."

Katika nchi hiyo wimbo ukianza kila mtu husimama wima na kutazama mbele, na hakuna askari anayeruhusiwa kumgusa mtu mpaka uishe. Ubeti wa mlima ukaanza. Hizza alipiga magoti vumbini, akamenya ndizi, akamtia mama yake kinywani.

"Tafuna, mama. Taratibu."

"Watu wanatutazama, baba."

"Wanaitazama bendera. Tafuna."

Bi Mwanahija akatafuna. Ukaimbwa ubeti wa mito na ubeti wa mifugo. Akala ndizi ya pili, akala wali, akanywa maji. Ukaimbwa ubeti wa reli, ambayo haijajengwa. Profesa Lukelo alisimama wima, midomo ikimchezacheza, na aliyekuwa karibu naye angesikia kwamba hakuwa anaimba bali ananong'ona: "Tumboni... kwenye damu... mlangoni mwa seli... washeni, jamani, washeni majiko." Katika ubeti wa viongozi, ambao ndio mrefu kuliko yote, rangi ilianza kumrudia Bi Mwanahija midomoni.

Wimbo ulipoisha aliweka mkono kwenye bega la mwanawe, akasimama. Akautazama mchi. Akatema mate viganjani, akaushika, akaunyanyua mpaka juu ya kichwa, na kwa kuwa hakuona sababu ya kuuacha hewani, akaushusha juu ya sinia tupu kwa kishindo kilichowafanya walinzi walale chini.

Wageni walipiga makofi. Kinywa Mkuu alikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja tu, kuchagua kati ya kukubali na kutangaza. Akatangaza.

"Mmeona! Mlaji wetu amekula kwa mdomo wa mama yake! Kwa miaka yote hii maadui zetu walidhani mlaji ana mdomo mmoja. Leo tunawaambia, mlaji wetu ana midomo mingi kama watu wake! Hii ni awamu ya pili ya Sheria ya Kinywa Kimoja, na niliipanga tangu mwanzo!"

*

Basi sheria ikarekebishwa bila kukosolewa. Kila mdomo wa mwananchi ukawa tawi la mdomo wa mlaji wake. Majiko yakarudishwa kwa malori yale yale, yakaitwa majiko ya tawi. Bi Mwanahija alipigiliwa kibao cha bati juu ya mlango, kinachosema kwamba nyumba hii inakula kwa niaba ya Mlaji. Moshi ukarudi Mikoroshini, na mchi ukasikika tena.

Kilibaki kitu kimoja cha kurekebisha. Ikiwa kata nzima inakula kwa niaba ya Hizza, basi Hizza akila na yeye anakuwa amekula mara mbili, na huo ni ufisadi. Wakamrudisha mezani pake Bwaloni, kitambaa shingoni, mbele ya sahani safi, na mlinzi wa kuhakikisha hali chochote. Kujiuzulu hakuruhusiwi, na yeye mwenyewe aliielewa sababu walipomsomea: kata isiyo na mlaji haina wa kumlia, na tonge lolote litakaloliwa humo litakuwa kosa. Hizza aliwaza kidogo, akaukumbuka ule mchi ulivyomlalia mama yake miguuni, akakaa.

Joho lake limeanza kumpwaya. Afisa Vipimo ameridhika, kwani uzito wa kata haujashuka.

Siku hizi Ijumaa ni wananchi ndio wanaokuja Bwaloni kumpa mlaji nguvu. Wa kwanza katika foleni daima ni Bi Mwanahija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Umekula?"

"Nimekula. Wali, samaki wa nazi, na ndizi mbivu."

"Kwa niaba yangu?"

"Tonge la mwanzo kabisa. Nilikutaja jina."

Akampa mkono. Mlinzi, ambaye naye ana mama, aligeuka kutazama dirisha. Hizza akafumba kiganja, akashika mdomo, akakohoa.

"Pole, mwanangu," alisema Bi Mwanahija. "Ni vumbi." Akasogea kumpisha Mzee Chambuso, ambaye alikuwa amekunja ngumi, na nyuma yake fundi viatu, amekunja ngumi, na nyuma yao foleni ndefu mpaka nje ya geti.